Udi Ndani ya Karavani

Meneja mpya amenitaka niandike "kurasa mbili za uzoefu" kwa ajili yenu vijana mliobaki kwenye uwanja wetu wa karavani, Wattaya, hapa Maskati. Kurasa mbili! Mtu amelala chali chini ya karavani za watu miaka ishirini na kitu, amekula vumbi, amekula jua, halafu uzoefu wake uenee kwenye kurasa mbili na picha ya keki ya kustaafu. Nimeandika kadiri nilivyotaka. Asiyependa asisome. Ya vyeo na mishahara hamtayakuta humu, kwa sababu vyeo walipewa wengine, na mshahara mnaujua wenyewe.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda na dishdasha, kanzu ya kwetu, nyeupe pe, imepigwa pasi mpaka inasimama peke yake, na kofia mpya. Niliambiwa kazi yangu ni kuthamini karavani zilizotumika, yaani kusema ile ni nzima au mbovu na inafaa bei gani. Nikadhani mthamini ni mtu wa kukaa ofisini na kalamu. Mzee Humud, seremala aliyezaliwa Unguja akaja huku na ufundi wake wa vitanda, akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Umekuja kazini au umekuja kuposa?"

Akanipa kipande cha jamvi, akanionesha karavani moja kuukuu, akaniambia niingie uvunguni na nisitoke mpaka nimwambie vitu vitano vibovu. Nilitoka na viwili na dishdasha ya rangi ya udongo. Mama yangu aliipokea ile nguo jioni akauliza kama nimegongwa na gari.

Mzee Humud alikuwa na mtindo wake, na mpaka leo sijaona unaoushinda, na wala msinitajie kile kijimashine cha kupimia unyevu mlichonunuliwa, kinacholia hata ukikiweka juu ya kaunta ya ofisi. Alikuwa anavua viatu, anaingia, anatembea. Hatazami kitu, anatembea tu, polepole, anakandamiza kisigino penye mlango, penye sinki, penye kitanda cha nyuma. Plaiwudi iliyoingia maji inabonyea. Halafu anagonga kuta kwa kifundo cha kidole kutoka chini kwenda juu, akisikiliza. Mwisho ndiyo ngazi, kuangalia gundi ya paa, maana jua la Maskati linaikausha ikapasuka kama nyayo za mtu asiyejipaka mafuta. Watu hapa husema, "Mvua yenyewe hainyeshi, maji yatoke wapi?" Yanatoka kwenye kiyoyozi chako, bwana mkubwa, kinadondoka miezi minane kwa mwaka na wewe umekaa chini yake unakunywa kahawa. Na yanatoka Salalah, kule kusini, ulikokwenda wakati wa manyunyu ukafurahi kama mtoto.

Ile kanuni ya udi haikuwa ya Mzee Humud. Ni yangu mie, na ndiyo iliyonipa jina. Alikuja mtu mmoja mzito, na karavani nzito kuliko yeye, na kabla mlango haujafunguliwa vizuri likatoka wingu la udi utafikiri ndani mna harusi. Nikajiuliza, huyu anampokea nani humu? Nikafunua zulia. Chini yake sakafu nyeusi, imelika, kidole kinaingia. Tangu siku hiyo nikawa nikisikia udi natafuta maji, na mara zote nikiyakuta, kwa sababu sisi watu wetu tukitaka kuficha harufu hatujui dawa nyengine. Wenzangu wakaniita Bu Khashem, mwenye pua. Nikalipenda jina. Mzee Humud hakulipenda. Aliniambia hata nikisikia harufu, nivue viatu nitembee vilevile. Nilimwitikia, "Ndiyo, mzee," kama unavyomwitikia mtu unayengoja astaafu.

Miaka ile ya neema kazi ilikuwa ya kuchekesha. Watu walinunua nyumba zenye magurudumu. Zina oveni ambayo hakuna mwanamke wa kwetu aliyeiwasha, maana pilau linapikwa nje kwa kuni. Zina vitanda vinne, meza ya kukunja, na kochi. Basi wakifika nyumbani wanang'oa vitanda, wanang'oa meza, wanatandika zulia na mito, wanakaa chini, majlis imekamilika. Baada ya miaka mitatu wanakuja kuuza na kutoa macho wakisikia bei.

"Mbona imeshuka hivi?"

"Vitanda viko wapi?"

"Tumempa shangazi."

Na gari ya kuvutia zigo lile ilikuwa inakunywa petroli bila ya huruma, lakini petroli ilikuwa rakhisi, na mwenye nazo hakuuliza uzito. Uzito aliuuliza nani wakati ule? Mimi tu, na mimi nilikuwa naonekana mtu wa kuharibu sherehe.

Kisha bei ya mafuta ikaanguka huko duniani, makampuni yakaanza kupunguza watu, petroli ya hapa ikaondolewa ruzuku ikapanda, na baadaye likaja lile gonjwa mipaka ikafungwa. Zile nyumba za magurudumu zikabaki uwanjani njiwa wanazaa juu yake. Wenyewe wakapiga simu kila wiki, sauti imekuwa ya upole, wananiita "ndugu yangu Said". Hawakuwa na undugu na mie walipokuwa wanavuta lile zigo.

Na kila mtu sasa akaitaka karavani nyepesi, ile ndogo ambayo gari ya kawaida ya kupelekea watoto skuli inaivuta bila ya kulia. Wa kwanza walikuwa waliozoea kwenda kupumzika ng'ambo, sasa wamegundua kwamba Omani ina milima. Miaka yote ilikuwa hapo, lakini walikuwa hawajaiona kutoka dirishani mwa ndege. Wa pili walikuwa walioachishwa kazi, wanaotafuta kibanda cha kuuzia chai na mishkaki. Hawa na wale wakagombania bidhaa ile ile, na mpya hazikuwepo. Nyepesi iliyotumika ikawa inauzwa karibu na bei yake ya upya. Niliona watu wazima wakibishana uwanjani kwa ajili ya kikaravani ambacho mwaka uliopita wasingekifugia kuku.

Hapa shikeni neno moja la kazi, kabla sijasahau. Karavani nyepesi hailiwi na miaka, inaliwa na maji. Kuta zake ni ngozi mbili nyembamba na povu gumu katikati, basi. Ikibaki kavu, hata ikae miaka kumi itakushikia bei, khasa zama za dhiki. Ikiingia maji msimu mmoja, huna karavani, una sanduku la uyoga. Kwa hiyo pale Maskati ilipokuwa na shida, neno "nzima" na neno "imeoza" yalikuwa yametengana sana kwa bei, na mimi ndiye niliyekuwa nayasema. Nilivimba kichwa. Sitaficha.

Mwanzoni mwa dhiki hiyo, kabla ya lile gonjwa, ndipo walipokuja Khamis na mkewe, Bi Zuwena. Watu wa kwetu, Kiswahili chao cha Ng'ambo ya Unguja kabisa. Khamis alikuwa mpimaji ardhi kwenye kampuni ya ujenzi, akapunguzwa pamoja na wenziwe. Hawakujaaliwa mtoto. Walichokuwa nacho walitaka kukitia kwenye karavani moja nyepesi, wauze vitumbua, chai na mishkaki mtaani kwao Azaiba. Khamis alikuwa anatabasamu tu. Mwenye masuali alikuwa mkewe. Mipira ya magurudumu ya mwaka gani? Gundi ya paa nani ameitia? Na mwisho akaniuliza, "Nitajuaje kama ina maji na mwenyewe ameficha?"

Nami nikajitia mwalimu. "Bi Zuwena, ukisikia udi, kimbia. Mie nikisikia udi sipandi hata ngazi. Nnaandika imeoza nikiwa hapa hapa nje."

"Na kama mtu amefukiza tu kwa kupenda?"

"Hakuna anayefukiza karavani kwa kupenda."

Akacheka. Nikawachagulia nzuri, kwa haki. Khamis akaikata dirisha ubavuni kwa mkono wake, akaitia fremu ya aluminiamu, kazi safi, hata Mzee Humud angeinyamazia, na yeye kunyamaza ndiyo ilikuwa sifa. Nikawa napita pale Azaiba baada ya kazi. Khamis anageuza mishkaki, Bi Zuwena anahudumia, foleni ya magari mpaka kwenye kona. Riziki yao yote ilikuwa humo ndani.

Baada ya miaka miwili Khamis akafa kwa moyo, ghafla, Ijumaa asubuhi. Bi Zuwena akakaa eda. Eda ilipokwisha nikapigiwa simu na Nassor, kaka mkubwa wa marehemu, mtu wa ofisi, anayezungumza kama anasoma barua. Akanitaka niende Azaiba nikaithamini karavani, kwa ajili ya mirathi.

Alinipokea getini kwa marehemu, yeye na mdogo wake mwengine, akanieleza mambo bila ya kuzunguka. "Marehemu hakuacha mtoto. Shemegi ana robo yake, iliyobaki ni yetu. Nyumba ya kupanga, gari kuukuu. Kitu ni hiki. Ikiwa imeoza, tumekubaliana tumwachie, hatutaki aibu ya kugombea mbao mbovu na mjane. Ikiwa nzima, inauzwa. Soko unalijua weye."

Nililijua. Neno langu likiwa imeoza, Bi Zuwena anabaki na kazi yake. Likiwa nzima, anabaki na robo ya bei na jiko la nyumbani, na robo ile hainunui hata mlango wa karavani nyengine kwa soko lile.

Nikasikia udi kabla sijaifikia. Si udi wa kupita, udi wa kukaa, umeshika mpaka kwenye mapazia. Wallahi moyo wangu ulifurahi, kama mwindaji aliyeona nyayo. Nikatoa kalamu. Bi Zuwena alikuwa amesimama kwenye ngazi ya karavani, abaya nyeusi, mikono ameikunja.

"Karibu, bwana Said. Nimetoka eda juzi. Tumefukiza nyumba nzima, na hii pia."

Nikaanza kuandika, nimesimama pale pale nje. Nassor akachungulia karatasi.

"Hata ndani huingii?"

Alisema kwa sauti ya mtu anayemkamata karani wake amelala. Iliniuma. Nikavua viatu, nikaingia kwa hasira, nikatembea. Mlangoni, ngumu. Penye sinki, ngumu. Nikagonga kuta kutoka chini mpaka juu, zinajibu vizuri. Nikafika kitanda cha nyuma, nikainua godoro. Chini yake pana taulo lililoloweshwa, limekunjwa mara nne. Lilikuwa linanukia sabuni. Ubao wa chini yake ulikuwa mweupe na mgumu, maji yake ni ya asubuhi ile tu.

Nikafahamu yote kwa mara moja. Alikuwa ametumia kanuni yangu mwenyewe, niliyomfundisha kwa mdomo wangu. Nikageuka. Bi Zuwena alikuwa ameingia nyuma yangu, analitazama taulo, halafu akanitazama mie. Alinyanyua kichwa kidogo tu, namna ile mama mwenye nyumba anavyomwambia mgeni anayemjua kwamba chakula hakitoshi, tafadhali sema umeshiba.

Sasa nisikilizeni. Sikuwa na haki ya kuandika imeoza. Mali ya warithi ni mali ya warithi, na mthamini anayesema uongo ajitafutie kazi nyengine. Lakini ningeliweza kulirudisha godoro mahali pake, nikatoka, nikasema nzima. Ningeliweza kumvuta Nassor pembeni nikamwambia, "Wacheni aendelee kuuza, akulipeni sehemu yenu kidogo kidogo." Nimeona warithi wengi wakifanya hivyo, na Nassor hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mkavu tu, na mtu mkavu ukimpa hesabu iliyonyooka anakubali. Hilo nililijua pale pale, na taulo liko mkononi.

Nikatoka nalo nje. Nikalikamua mbele yao, maji yakamwagika kwenye mchanga.

"Tazameni! Bu Khashem ndiye wa kufanyiwa hivi? Miaka yote hii nnafukuza udi Wattaya nzima, leo nitiliwe taulo la kuogea chini ya godoro!"

Nikawaeleza kila kitu, na mikono, na vichekesho. Yule mdogo akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Nassor akacheka pia, mara ya kwanza kumwona meno yake. Bi Zuwena alibaki mlangoni mwa karavani mpaka nilipomaliza.

"Kanuni hiyo niliisikia kwako, bwana Said," akasema. Akashuka, akaingia ndani kwake.

Nikaandika bei. Bei ya juu ya soko, na juu yake nikaongeza lile dirisha alilolikata Khamis, kwa sababu miaka iliyopita tundu kama lile lingeshusha thamani, lakini siku zile nusu ya wanunuzi walikuwa wanataka kibanda. Iliuzwa kabla wiki haijaisha, kwa bei niliyoandika. Hakuna mtu Maskati ambaye angeliipinga. Nilisema kweli kwa nia mbaya, na watu wakanipa mkono.

Nilikisimulia kisa kile uwanjani miaka. Wengine kati yenu mmekisikia, na mlicheka, na sikulaumuni, mimi ndiye niliyekuwa nakichekesha. Mzee Humud alikuwa ameshastaafu, lakini bado hai. Alikuja siku moja kunywa chai, akakisikia mpaka mwisho, akauliza, "Na yule mwanamke anakula nini sasa?" Sikujua. Akamaliza chai yake akaomba arudishwe nyumbani.

Karavani ilikuwa imenunuliwa na bwana mmoja wa Ghubra, mmoja wa wale wagunduzi wa milima. Alikwenda nayo Salalah safari moja, akairudisha na tope lake, akaiacha juani bila ya turubai, akangoja mipaka ifunguliwe ili arudi kwenye ndege yake. Gundi ya paa ikapasuka. Bomba la kiyoyozi likaziba. Mwezi wangu wa mwisho kazini ikaletwa uwanjani, na nilivyoingia kisigino changu kilizama penye sinki. Meneja akasema niandike chakavu.

Nikaandika. Kisha nikainunua mwenyewe kwa bei ya chakavu. Nikaifunga nyuma ya gari yangu, nikaivuta Azaiba baada ya alasiri, na njia nzima nilijiona mtu mwema kweli kweli. Nilikwisha kupanga maneno. Nilikwisha hata kuona atakavyolia.

Bi Zuwena alifungua geti na unga mikononi. Siku hizi anapika vitumbua kwa maagizo ya simu, watu wanachukua mlangoni. Akaitazama karavani, tope na yote.

"Nini hii?"

"Yako. Nimekuletea. Sitaki kitu."

Akafuta mikono. Akavua ndara zake pale kwenye ngazi, akaingia, nikamsikia anatembea, polepole. Penye sinki nikausikia ubao unapasuka. Akasimama. Kutoka nje nilimwona ameweka mkono kwenye fremu ya dirisha la Khamis, anaipitishia kidole. Kisha akashuka, akavaa ndara.

"Hii imeoza, bwana Said."

"Nnajua. Inatengenezeka. Nitaleta fundi, tutabadilisha sakafu, ukuta wa..."

"Ilipokuwa nzima nilikuwa na haja nayo. Nilikuomba. Ulinifahamu au hukunifahamu?"

Nilitaka kusema sikumfahamu. Uongo ule nilikuwa nao tayari, umeiva.

"Nilikufahamu."

"Basi."

Nikamwomba radhi. Yale maneno niliyoyapanga hayakutoka hata moja, yalitoka mengine, ya ovyo, nikasema kanuni, nikasema Nassor, nikasema jua. Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Nimekusikia," akasema. "Sasa itoe hii kabla jirani hajarudi, atashindwa kupita."

Kichochoro chao ni chembamba, na kurudisha nyuma gari yenye karavani si kazi ya mzee aliyekwisha kujaa jasho. Nikalipiga pipa la taka. Nikakaribia ukuta wa watu. Bi Zuwena akatoka, akasimama nyuma pale ninapoweza kumwona kwenye kioo, akaanza kunielekeza kwa mkono wenye unga, kushoto, kushoto zaidi, simama, sasa njoo, sasa njoo. Alikuwa ameizoea kazi hiyo, alijua karavani ile inakata kona wapi. Alinitoa mpaka barabarani bila ya mkwaruzo, akaipiga karavani ubavuni mara mbili kuniashiria kwamba njia nyeupe, akarudi kwake akafunga geti.